Wawili Wasiosalimiana kwenye Turubai Moja

Kuna mlio ambao siwezi kuusikia nikaendelea na nilichokuwa nafanya. Ni wa fimbo zikishuka juu ya maharage makavu: pu, kisha maganda yanapasuka, kisha pu nyingine upande wa pili. Ukipita vijiji vya Mutuka au Sigino wakati wa mavuno utausikia, na ukisogea utapata na vumbi lake, linalowasha shingoni. Mimi husimama. Narudi uani kwetu Nangara, nina miaka tisa, na mawingu yanashuka kutoka mlima Kwaraa.

Mwaka ule Mama aliteguka mkono, na Baba alikuwa kazini mbali. Maharage yetu ya mwaka mzima yalikuwa yamelala uani juu ya turubai. Yakilowa yanaota, na yakiota, tungekula nini? Majirani wakaja kutusaidia kupiga, kama sisi tulivyokuwa tukienda kwao. Kwetu humchagui wa kuja. Anayesikia kuna kazi anakuja na fimbo yake, anafanya kazi, anakula makande, anaondoka. Ndiyo maana Baba Safari alikuja, na Mama Neema naye akaja, ingawa hawakuwa wakisalimiana tangu ndama wa Baba Safari alipoingia kwenye mahindi ya Mama Neema na kushiba.

Wapigaji husimama mistari miwili wakitazamana. Mstari huu ukishusha fimbo, ule unainua. Sijui nani aliwaweka hivyo, lakini wale wawili walijikuta uso kwa uso. Mama Neema akapiga kama anaua nyoka. Baba Safari akamjibu kwa nguvu zaidi. Maharage yakaruka nje ya turubai, kuku wakafurahi. Wengine wakapoteza mpigo, fimbo zikagongana, kazi ikasimama. Radi ikanguruma upande wa mlima.

Nilimtazama Mama. Alikuwa kwenye kigoda, mkono umefungwa kwa kanga, midomo ameikaza. Nilisubiri aseme neno. Hakusema. Mimi, ambaye mtaa mzima waliniita Kwa Nini, nikashindwa kuvumilia.

"Baba Safari, kwa nini mnapiga turubai? Maharage si haya huku!"

Mtu akaangua kicheko, na wote wakafuata.

"Haya, Kwa Nini ameshasema," alisema Baba Safari, akijipangusa jasho. "Tupange basi, bosi."

Nikawapanga kweli. Nilimwambia Mama Neema ashike ungo, akapepete kule kwenye upepo.

"Na mimi?" Baba Safari akauliza, akijifanya ananiogopa.

"Wewe una nguvu. Toa mabua, halafu umpelekee Mama Neema maharage."

Watu wazima walitambua kabla yangu kwamba nimewalazimisha wale wawili kushirikiana. Fimbo zilipunguza mwendo, shingo zikageuka. Baba Safari alijaza debe, akaenda nalo, akasimama.

"Weka hapo," alisema Mama Neema bila kumtazama. "Na usimwage."

"Mimi nimemwaga lini?"

"Muulize ndama wako."

Uani pakalipuka kwa kicheko. Baba Safari mwenyewe alicheka kwa pua, akarudi kujaza debe la pili. Gunia la mwisho liliingia ndani matone yakigonga bati. Tulikula maharage yale mpaka nikayachukia.

Miaka ikapita, nikamaliza chuo, nikarudi nyumbani kutafuta kazi. Mradi mmoja wa wakulima ulitaka mratibu wa vikundi, na maombi yalitaka ueleze ujuzi ulioupata nje ya darasa unaoweza kukusaidia kazini. Rafiki yangu alinitumia maneno yake: uongozi, utatuzi wa migogoro, kufanya kazi chini ya shinikizo. Niliyanakili, nikayasoma, nikaona aibu. Uongozi gani? Kila mwombaji ni kiongozi. Wanaoongozwa wako wapi?

Nikaongeza chini yake habari ya maharage kama mfano wa utatuzi wa migogoro, nikamsomea Mama. Akacheka. "Eti ulitatua mgogoro! Mbona hadi leo wanatupiana maneno?"

"Sawa. Ila wewe kwa nini ulinyamaza siku ile?"

"Ningemwondoa nani kwenye mstari, mwanangu? Nikimgusa Mama Neema, nimekuwa wa Baba Safari. Nikimgusa Baba Safari, nimemtetea mwenye mahindi. Na wote wamekuja kunisaidia."

Hapo ndipo nilipoielewa siku ile. Sikuwa mwerevu kuliko waliokuwepo. Kila mmoja pale alijua inafaa wale wawili watenganishwe. Kilichokosekana ni mtu wa kulisema bila kuhesabiwa upande, na mtoto hahesabiwi.

Nikafuta maneno ya rafiki yangu. Niliandika kwamba niliwahi kuwapanga upya majirani waliokuwa hawasalimiani, kwa kumpa kila mmoja kazi inayomhitaji mwenzake, na mavuno yakaingia ndani kabla ya mvua. Sikuongeza kwamba walipatana. Nikayatuma maombi.

Wameniita kwenye usaili wiki ijayo, nami sipati usingizi. Vikundi vyenyewe viko Sigino, ambako wananijua mimi ni binti wa nani, tunasali wapi, na shamba letu limepakana na la nani. Nimetaja ujuzi nilioupata nikiwa sina upande. Sasa ninazo pande nyingi, na wakiniuliza nitautumiaje nikiwa mtu mzima, nitawajibu ukweli: hilo bado sijalifanya.