Shairi Lililobaki Kinywani Mwangu

Wiki iliyopita nililetewa habari kwa barua hapa Makambako kwamba yule karani wa mizani wa kiwanda cha magome ya miwati, miti ya dawa ya kulainishia ngozi, kule Njombe, amefariki kwa ugonjwa wa kifua. Wasomaji mnamjua, ingawa sikuwahi kumtaja jina: ndiye niliyemwita kwenye safu hii "kasuku wa mashine". Barua yenyewe nimeisoma mara nne nikitafuta mahali inaponilaumu. Hakuna, na hilo linanisumbua zaidi.

Alitunga mashairi yasiyo na neno hata moja. Yalikuwa sauti tupu: meno yanayogongana kwa baridi, lori linalohema mlimani, na ile mashine ya kusagia magome iliyomuua mdogo wake. Mzee mmoja, rafiki yake, alimfuatisha kwa ligombo, kinanda chetu cha nyuzi, bila kupanga lolote. Kila walipokutana nyuzi zilijibu vingine. Siku waliyopiga mbele ya Bwana DC, mimi na digrii yangu mpya nilirudi nyumbani nikaandika kwamba tunadai kujitawala huku watu wetu bado wanakoroma jukwaani. Safu ile ilipendwa mno. Nikawa naitwa kilabuni kwenye pombe ya ulanzi: "Msomi, hebu tupe kasuku!" Nami nilitoa, shairi zima, na mabega nikitikisa. Jumamosi moja mwenyewe aliingia. Sikuacha. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umeharakisha pale mashine inaposimama. Nyamaza kidogo. Ndipo alipofia." Watu wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu niliogopa kuwa peke yangu nisiyecheka.

Aliacha wosia kwamba shairi lile la mashine lisemwe kaburini kwake. Nilipofika Njombe, yule mzee alinishika mkono. "Kamwene, msomi. Nyuzi ninazo. Sauti imebaki kwako."

"Kwangu mimi?"

"Kwa nani tena? Mwaka mzima umekuwa ukiisema."

Nilipima lipi ni baya zaidi, kukataa au kukubali, hadi wakamaliza kufukia. Nikasimama. Nilisema kila sauti kama alivyoitoa yeye, mabega yametulia, na pale mashine inaposimama nikanyamaza. Katika ukimya ule mtu mmoja alicheka. Kisha makarani wenzake, kisha wote. Mama wa marehemu tu ndiye hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Mwanangu, hata hapa unamwigiza?" Mzee aliondoa vidole kwenye nyuzi, wala hakuvirudisha.

Nimejaribu kuwalaumu waombolezaji, nikashindwa. Kicheko kile hawakuja nacho duniani. Walijifunza kwangu, safu baada ya safu, na walikijua vizuri kuliko mimi nilivyolijua shairi. Sisi tuliosoma tunadhani dhihaka huisha gazeti linapofungiwa maandazi. Haiishi. Shairi la marehemu sasa halina mahali pengine pa kukaa ila kinywani mwangu, na popote nitakapolisema, watu watacheka.