Uchaguzi wa Marekani na Shamba la Mama

Mwaka ule Wamarekani walipokuwa wakigombania rais wao, mimi na kaka yangu tuligombana kuliko wao. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda ndege. Yeye ni katekista katika kijiji cha Mbingu. Mimi natoa dawa kwenye zahanati moja hapa Ifakara, na mdomo wangu haujawahi kunisubiri nifikiri.

Kaka alimpenda mmoja wa wagombea kwa sababu, alisema, yule angalau anamtaja Mungu bila kuona haya. Mimi nilikuwa na hofu yangu. Dawa za virusi vya Ukimwi tunazogawa huja kwa msaada wa Marekani, na watu walishaanza kusema msaada huo unaweza kupunguzwa. Kila asubuhi kaka alituma video za mgombea wake kwenye kundi la WhatsApp la familia. Nilivumilia mpaka siku ya matokeo. Alipoandika "Mungu ni mwema", nikamjibu mbele ya shangazi na wajomba: "Shangilia. Dawa zikikatika, utapata kazi ya kuzika."

Kaka akajitoa kwenye kundi. Nami, nisiseme uongo, nilijiona nimeshinda.

Kisha mvua zikaanza. Nyumbani kwetu mpunga haumwagwi shambani mpaka mtoto mkubwa wa kiume amwage konzi ya kwanza ya mbegu, na tangu baba afariki kazi hiyo ni ya kaka. Majirani wa shamba letu kule Katindiuka walikuwa wamemaliza kumwaga. Shamba la mama lilikuwa limelimwa, limekaa tu, majani yanaanza kuota upya. Nikamwambia mama nitamwaga mimi.

"Kwani kaka yako amekufa?" akaniuliza.

Mama hula mpunga ule mwaka mzima, na wa kumkosesha nilikuwa mimi. Nikampigia kaka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamwambia mama anamngoja. Kuomba radhi kulinishinda.

Alikuja Jumamosi kwa basi la kwanza. Akavua viatu, akasali kwa ufupi, akamwaga konzi yake, kisha tukaendelea sote watatu mpaka mama alipokwenda kuchemsha chai.

Tulipobaki wawili akasema, mkono wake ukiendelea na kazi, "Mdogo wangu, mimi nakunywa hizo dawa. Huu mwaka wa sita. Nazifuata Mlimba, nisikukute kwenye dirisha la dawa."

"Na bado ulimshangilia?"

"Nilimpenda kwa mengine. Hizo dawa niliomba tu asiziguse."

Nilikaa chini kwenye tope nikalia, na radhi niliyoshindwa kuiomba kwenye simu ikatoka yenyewe. Kila siku nawaambia wagonjwa wasione aibu, waje wachukue dawa, hakuna atakayewasema. Miaka sita ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa anasafiri mpaka Mlimba kuukwepa mdomo wangu.