Gidabuday na Bonde Lililokuwa Linapumzika

Gidabuday hakujua kusoma hata herufi moja, lakini nilimwona kwa macho yangu akimsahihisha mtu mwenye digrii mbili, na mwenye digrii akafuta alichoandika.

Ilikuwa mwaka 1981, kwenye tambarare zilizo chini ya mlima Hanang. Mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yanapanuka kila msimu, na ardhi ambayo haijawahi kuguswa na jembe ilikuwa inageuzwa juu chini. Mimi nilitoka Tumati, milimani Mbulu, nikaajiriwa huko kutunza stoo ya mbegu na dawa. Shamba letu liligawa vitu vyote vinavyoota katika mafungu mawili tu: ngano na magugu. La kwanza lilivunwa, la pili lilipigwa dawa. Sikuwahi kumsikia mtu yeyote pale akiuliza kama kuna fungu la tatu.

Mwezi wa Machi akaja Xavery, mtaalamu wa mimea kutoka mjini, ametumwa kuorodhesha majani ya tambarare kabla shamba halijaongezwa tena. Alikuja na mbao mbili, mikanda, na rundo la magazeti ya kukaushia mimea. Alihitaji mwenyeji wa kumwongoza na mtu wa kutafsiri. Kidatoga nilikijua tangu utoto, kwa sababu baba yangu alikuwa akibadilishana mahindi kwa ndama na watu wa huko. Nikampeleka kwa Gidabuday, mfugaji wa miaka sitini hivi, mwenye ng'ombe themanini na miguu mirefu isiyojua kuchoka.

"Shikamoo, mzee," Xavery akasema.

"Marahaba. Huyu ndiye mtu wa majani?" Gidabuday akaniuliza kwa Kidatoga. "Ana ng'ombe wangapi?"

Nikamwambia hana hata mmoja.

"Basi majani anamtafutia nani? Anakula mwenyewe?"

Nilipotafsiri, Xavery alicheka mpaka akaweka mbao zake chini. Tangu hapo wakapatana.

Siku nane tulitembea. Xavery alieleza kwamba mimea ina familia, ndani ya familia kuna jenasi, ndani ya jenasi kuna spishi. Nilidhani nitahangaika kulitafsiri hilo, lakini Gidabuday alilipokea mara moja. "Ni koo," alisema. "Hata sisi tuna koo, na ndani ya koo kuna nyumba." Kisha akaeleza koo zake mwenyewe. Kulikuwa na majani ya maziwa, majani ya mafuta, majani ya kujaza tumbo tu. Kulikuwa na yale ambayo ng'ombe huyafuata mara moja kwa mwaka kama dawa, halafu hawayagusi tena. Na yalikuwepo yasiyo ya ng'ombe bali ya mkono wa mtu, yale unayoyashika unapomwendea aliyekukasirikia, naye akiyaona hawezi kukupiga.

Siku ya tano Xavery alibandika majani mawili kwenye karatasi moja na kuyapa jina moja. Gidabuday akatikisa kichwa.

"Hawa si ndugu. Huyu ni wa udongo mweusi, huyu wa udongo wa chumvi. Mwambie atafune shina."

Xavery alitafuna. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akainama muda mrefu, akaona vinyweleo kwenye shingo ya jani moja ambavyo jingine halikuwa navyo. Akafuta.

"Ungewauliza ng'ombe wangu wangekuambia," Gidabuday alisema. "Na shule hawakwenda."

Siku ya tisa alituonyesha bonde.

Hapa inanibidi nieleze jambo ambalo kila mtu wa tambarare alilijua. Mvua ya kwanza ikinyesha, wazee walilifunga bonde lile. Mifugo yote ilipelekwa nyanda za juu, na aliyethubutu kuingiza hata mbuzi bondeni alitozwa dume jeusi la ng'ombe. Majani yalikua, yakachanua, yakadondosha mbegu. Bonde lilifunguliwa Agosti, nyanda za juu zikishakauka, na ndilo lililobeba uhai wa ng'ombe hadi mvua irudi. Bila miezi ile ya kupumzika hakukuwa na bonde, na bila bonde hakukuwa na ng'ombe wala mtu.

Siku ile majani yalitufika kiunoni. Vipepeo walikuwa wengi kiasi cha kutuingia machoni. Xavery alihesabu aina thelathini na moja ambazo hakuwa ameziona mahali pengine popote pale tambarareni. Alikuwa kama mlevi. Akatoa fomu yake, akafika mahali palipouliza matumizi ya ardhi.

"Mzee, hapa nani analisha?"

"Hakuna!" Gidabuday alijibu kwa majivuno, maana yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa bonde mwaka ule. "Hata mbuzi. Tazama chini. Ukiona alama ya kwato moja, chukua fimbo yangu unipige nayo."

Xavery akaandika: "Hapatumiki kwa makazi wala malisho." Aliniambia sababu tukirudi kwenye gari. "Pasipo na mwenyewe ndipo rahisi kupafanya hifadhi. Hakuna atakayelalamika." Simlaumu kwa ubaya wa moyo, hakuwa nao. Alitaka yale majani yaishi. Ila alikuwa amesoma majani bila kusoma watu wanaoyaacha yakue.

Mimi nilijua maana ya kupumzisha. Kwetu Mbulu pia tulifunga malisho kwa zamu, kabla hatujabanana. Ningeweza kusema neno moja. Dereva alikuwa anapiga honi, jua lilikuwa kali, nikatafsiri nilichoambiwa na si zaidi.

Ripoti ikapanda ofisini. Huko juu hawakusoma aina thelathini na moja. Walisoma kwamba pana ardhi nzuri, yenye unyevu, isiyo na mtu.

Agosti, wiki moja kabla ya wazee kulifungua bonde, trekta zikashuka. Ya mbele iliendeshwa na Nicodemo, mtu wa kwetu. Gidabuday alikimbia akasimama mbele yake, mkono juu.

"Toka, mzee, nitakulima na wewe!" Nicodemo alipiga kelele.

"Halijafunguliwa!" Gidabuday alijibu kwa Kiswahili chake cha kubahatisha. "Bado siku saba! Nani amekwambia limefunguliwa?"

Alidhani wamekosea tarehe, na hata baada ya kuona udongo ukipinduka hakuacha kudhani hivyo. Kesho yake alikuja ofisini na wazee wanne, wamevaa rubega zao nzuri, kudai faini. Shamba lilikuwa limeingia bondeni kabla ya siku, kwa hiyo shamba lilipe dume jeusi. Waliomba kwa heshima. Walishika majani mkononi.

Meneja alicheka mpaka akavua miwani. "Waambie trekta yangu haili majani."

Nikatafsiri. Hakuna aliyecheka. Ndipo meneja akavuta ripoti ya Xavery na kuisoma kwa sauti: hapatumiki kwa malisho. "Mmesema wenyewe. Huyu karani wangu alikuwepo."

Gidabuday alinigeukia. "Ulimwambia yule kijana kwamba bonde linapumzika?"

"Sikuulizwa, baba."

"Mimi nilikuwa najivuna," alisema taratibu. "Mtu anayejivuna ni kipofu. Wewe hukuwa unajivuna."

Waliondoka. Yale majani waliyaacha juu ya meza, na mfagiaji akayatupa.

Kiangazi kile ng'ombe hawakuwa na pa kwenda. Walioingia kwenye mabua ya ngano walikamatwa. Wengine walilala chini na kukataa kuamka. Mvua iliporudi, kati ya themanini walibaki ishirini na sita. Mwaka uliofuata Gidabuday aliwaswaga hao waliobaki kuelekea kusini, kwenye misitu iliyo ng'ambo ya Rungwa, kama walivyofanya wengi wa kwao. Xavery alituma barua mbili kuuliza habari za bonde lake. Sikujibu.

Mwisho wa Gidabuday niliusikia Haydom, mwaka 1986, nilipompeleka binti yangu hospitali. Mwanamke aliyekaa benchi la wagonjwa alinitazama sana, kisha akanisalimu. Alikuwa mke wa Gidabuday, amerudi kwa ndugu zake akiwa na kikohozi.

"Tulifika huko mwisho wa kiangazi," alisimulia. "Kila kitu kikavu, ila palikuwa na kichaka kifupi, kijani kabisa, kinachipua kabla ya mvua. Mzee akanena, Mungu ametukumbuka. Hakukijua, lakini alisema tuwaangalie ng'ombe, ng'ombe wanajua."

"Na ng'ombe?"

"Nao walikuwa wageni. Walikula, wakanywa maji, wakaanguka pale pale mtoni. Siku moja tu. Walibaki watatu waliokuwa nyuma wakichechemea."

Alikohoa, akafuta mdomo kwa ncha ya shuka. Baada ya siku ile, alisema, mzee alikata tawi la kichaka kile akazunguka nalo vijijini akiuliza jina lake. Watu wa huko walikuwa wakulima na warina asali, hawakufuga. Walimwambia ni kichaka tu. Alizunguka nalo hadi majani yakapukutika, na watoto wakaanza kumfuata wakimcheka. Baadaye akapata kazi ya kulinda shamba la mpunga la mtu, akifukuza ng'ombe wa wafugaji wengine. Alikufa kwa homa msimu wa pili.

Kwa desturi yao mzee wa hadhi yake akizikwa huviringishwa katika ngozi mbichi ya dume lililochinjwa kwa ajili yake.

"Mlichinja?" nikauliza.

"Tungechinja nini?" alisema. "Wale watatu walikuwa majike. Mwenye mpunga alitupatia gunia."

Nesi aliita jina lake. Akajiinua kwa kushika ukuta, akaingia ndani.