Kioo Kinapokwaruza

Mkono wa kijana unateleza juu ya kioo, na nyuma yake amekaa fundi vioo. Ukumbi mzima wa gemu unatazama skrini. Yeye anatazama pedi ya kioo iliyo chini ya mausi, aliyoikata na kuisugua mwenyewe.

Anayecheza ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, anayelipwa na timu kucheza gemu za kulenga shabaha. Mzunguko wa kwanza wameshinda. Wa pili unaendelea, na kocha amesema wazi kwamba atakayeyumba leo atampisha mwingine.

Ghafla fundi anasikia khrr.

"Nilidhani ni kiti," anasimulia. "Ikaja tena. Nikasema ole wangu, sauti hiyo naijua. Kioo kinatafuna kitu."

Shemeji mwenyewe hasikii, hedifoni zimemziba masikio.

Mama huyu wa watoto wawili alibaki na karakana mumewe alipofariki. Zamani alikata vioo vya madirisha wiki nzima. Siku hizi watu hununua madirisha yaliyokwisha kutengenezwa, na akipata oda sita kwa mwezi anashukuru. Wazo la pedi lilitoka kwa shemeji, ambaye bega lilikuwa likimsumbua. Pedi ya kitambaa hushika mausi, hivyo mkono husukuma kutwa nzima. Pedi ngumu, kama ya kioo, huupunguzia mkono kazi.

"Nilimcheka," anasema fundi. "Mwanamume mzima amechoshwa na kitu kidogo kama kipande cha sabuni! Akaniambia, 'Cheka tu shemeji, kesho utakuja kunikanda.'"

Pedi ya kwanza ilikuwa laini kupita kiasi. "Hii barafu," kijana alilalamika. "Nikishtuka kidogo, mausi imeshafika kwa jirani." Kwenye kitambaa, mwenye hofu hukandamiza na mausi husimama. Kwenye kioo, kukandamiza hakumsaidii mtu.

Basi pedi ya pili, hii ya leo, aliisugua kwa unga wa msasa wenye chembe kubwa zaidi, akaipima kwa kidole na kuiona safi. Hapo ndipo alipokosea. Kidole cha fundi vioo kina sugu. Mparuzo ambao ungemkera mtu mwingine, yeye hauhisi kabisa.

Sasa pembeni ya fundi amekaa mwenye ukumbi, aliyeahidi kuagiza pedi za meza zote iwapo hii itafaulu. Mausi inaweza kuvumilia hadi mwisho. Inaweza pia kukwama wakati wowote.

"Sitadanganya, niliwaza kunyamaza," anasema.

Mzunguko wa pili wanapoteza. Wachezaji wanavua hedifoni, naye anapita katikati ya watu.

"Toa hiyo pedi."

"Shemeji, usinitanie sasa hivi."

"Sikutanii. Inakula miguu ya mausi. Nimekosea mimi."

Kijana anaigeuza mausi. Vipande vya plastiki vinavyoiwezesha kuteleza vimelika upande mmoja. Kocha anaona, na mwenye ukumbi pia anaona. Fundi anatamani ardhi immeze.

Mausi ya akiba ipo, na ile pedi ya kwanza, ile barafu, ipo mkobani mwa fundi. Anaifuta vumbi kwa kitambaa kikavu na kuilaza mezani. Dakika za mapumziko zinayoyoma.

"Usikandamize," anamnong'oneza. "Ukiogopa, legeza kiganja."

"Na wewe ukiogopa?"

"Mimi nimeshaogopa kwa niaba yetu wote. Cheza."

Katika mzunguko wa tatu, ulio wa mwisho, risasi za mwanzo zinapita kando. Taratibu mabega yanashuka, mkono unatulia, na shabaha moja baada ya nyingine inadondoka. Hata hivyo timu inashindwa kwa alama moja. Kocha hamfukuzi kijana wala hampi uhakika: anampa hadi mechi ijayo. Mwenye ukumbi anaondoka bila kutaja oda.

Karakanani sasa pedi ya tatu inasuguliwa kwa unga wa msasa laini zaidi. Kidole hakiaminiki tena. Fundi anainama na kukipitisha kioo polepole shavuni, macho yamefumbwa, akitafuta mparuzo wowote.

"Mwenye ukumbi akirudi, sawa, asiporudi nitamfuata," anasema. "Lakini kwanza huyu kijana. Siku ya mechi nitakaa nyuma yake palepale, na ninachoomba ni nisisikie kitu."