Makubadhi ya Bwana Muhdhar

Dawud alivaa kanzu mpya asubuhi ile, na kabla hata hajaongea jasho lilishaichafua. Sebule yake ya Wiyoni, hapa kisiwani Amu, ilikuwa na wageni wanne tu, lakini alihisi hewa haimtoshi. Karani wa ardhi, Bwana Ndirangu, kijana wa bara mwenye haraka zake, alishafungua faili. Kabla ya adhuhuri alitaka jina moja: ni nani mwenye shamba la kisimani, kule Kililana?

Upande mmoja alikaa Bwana Muhdhar, mzee wa nyumba kubwa ya mawe, na karatasi ya babu yake mkononi. Upande wa pili alikaa Bi Umi, kikongwe asiyeona, na bintiye Nusra. Hawa karatasi hawakuwa nayo. Walikuwa na minazi zaidi ya mia, na huku aliyepanda mti ndiye mwenye mti, na mahali uliposimama. Hata karani alishalijua hilo. Ilibaki shahidi wa kusema nani aliipanda. Mbali na wenye kesi, waliokuwapo wakati ule wote wameshazikwa, ila Dawud, naye ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakulima. Atakalosema litaandikwa.

Nyinyi mnaomwona leo akipita na bakora yake mnadhani alizaliwa nayo. Wapi! Mamake, marehemu Hayat, alikuwa akiwafulia nguo kina Muhdhar. Dawud alipofika miaka saba, akapewa kazi ya kumtunzia babake Muhdhar makubadhi. Bwana akiyavua mlangoni mwa msikiti, mtoto anayapangusa, anayageuza yatazame nje, anangoja. Yeye mwenyewe pekupeku, mchanga wa Ijumaa unamwunguza nyayo. Siku moja alitia mguu katika kubadhi moja, kuonja tu. Alichapwa nalo mbele ya msikiti, na wenziwe wakamwita mwana wa mtumwa mpaka akaota ndevu.

Ile ilikuwa dhuluma, hakuna wa kubisha. Na lau Dawud angeichukia dhuluma yenyewe, angekuwa mtu mwingine. Yeye aliyatamani makubadhi.

Akajitungia ukoo. Akawaambia watu kazaliwa Mkomani, mtaa wa wakubwa, na kitovu chake kimezikwa uani mwa nyumba ya mawe. Uenyekiti akaupata kwa ulimi wake mtamu, na wanyonge waliomchagua wakawa wa kwanza kuionja jeuri yake. Aliwasimamisha juani mlangoni kwake. Aliyemwita Dawud bila kutanguliza Bwana alirudishwa alikotoka, shida yake haikusikizwa. Na sasa wiki ya tatu, Muhdhar mwenyewe alikuwa akimwita Bwana Dawud, tena kamwahidi Ijumaa watakaa pamoja barazani kwake, na wakubwa wenziwe. Kumbe mtu mzima hununuliwa kwa neno moja!

"Mwenyekiti," karani akauliza, "huyu mama alipanda ile minazi kama mwenyewe, ama alikuwa kibarua?"

Dawud alimgeukia Muhdhar. Muhdhar hakumtazama. Alikuwa akivuta tasbihi polepole.

"Kabla hujajibu," Bi Umi akasema, "nambia mnazi mmoja tu. Ule ulio ubavuni mwa kisima. Ni wa nani ule, mwanangu?"

"Mama, yatosha," Nusra akanong'ona.

"Hayatoshi. Dawud, mamako alikuzaa kwangu, kule shambani, kwa kuwa nyumba kubwa hawakutaka kilio cha mtoto. Akawaomba kitovu chako kizikwe kwao. Wakamwambia nti yao si ya vitovu vya watu kama sisi. Nikakizika mimi, kwa mikono hii, nikatia mnazi juu yake. Ulipoanza kusimama ukipimana nao urefu kila asubuhi. Sema basi. Sitaki jingine."

Ee Mola! Dawud aliuona mnazi ule waziwazi, na alama ya kisu aliyokatiwa na Bi Umi siku alipolingana nao. Akisema kweli, shamba ni la Bi Umi, na kabla ya adhana Amu nzima itajua mwenyekiti ni mtoto wa nani. Akisema uongo, bibi huyu hana pa kulala. Moyo ulimwuma, tena uliuma kwelikweli. Aliyatazama mato yale yasiyoona, na aibu ikamshika kwa jinsi alivyoshukuru kuwa hayamwoni.

"Siujui mnazi huo," akasema. "Huyu alikuwa kibarua wa kina Bwana Muhdhar."

Kalamu ikaandika. Nusra akainuka kwa hasira, lakini mamake akamshika mkono.

"Nionyesha ndia, Nusra, twende zetu." Mlangoni kikongwe akasimama. "Bwana karani, andika na huo mnazi hauna mwenyewe. Wakiukata, asitafutwe mtu."

Wakatoka. Dawud akatia saini. Karani akafunga faili, akaaga, akaenda kuwahi boti.

Wakabaki wawili. Dawud akajiweka sawa juu ya mto wake, akangoja. Muhdhar akatia tasbihi mfukoni, akainuka, akajinyoosha mgongo.

"Umefanya vyema, Dawud."

Labda kalisahau tu lile neno, Dawud alijiambia. Mzee yule, na uchovu wa asubuhi yote.

"Ijumaa nije saa ngapi, Bwana? Barazani?"

Muhdhar alishafika kizingitini, anaangalia nje. Ni kama hakuulizwa kitu.

"Kiuno changu leo hakikunjiki," akasema. "Nipe makubadhi, Dawud."

Kanzu mpya ikaburura sakafuni. Dawud alipiga magoti, akayapangusa kwa kiganja, moja baada ya jingine, kisha akayageuza yatazame nje.