Miguu ya Popi

Harufu ya dawa ya kupe haina mfano: inapanda puani, inakaa kooni, ukila ugali unaila nayo. Nyumba ya baba mkubwa kule Lembeni ilinuka hivyo, kwa sababu chupa ya dawa ya kuogeshea mbuzi ilikaa nyuma ya mlango, karibu na mkeka wangu. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa amepanda milimani, Kighare, kumuuguza bibi, akaniacha kwa shemeji yake nisikose shule. Aliniambia wiki mbili. Ikawa karibu mwaka mzima. Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya, ila kuongea aliona kazi. Kutwa yuko shambani, na mimi nikitoka shule nilikuwa na Popi tu, mbwa wa kahawia aliyefungwa mnyororo kando ya banda, kwenye ua uliojaa mbigili. Niseme ukweli, nilimpenda Popi kuliko watu wote wa Lembeni.

Kiangazi kile akaanza kujitafuna miguu. Alitafuna mchana kutwa, mpaka manyoya yakanyonyoka na ngozi ikawa nyekundu. Baba mkubwa akamtazama, akasema, "Mbwa anayejila ni mgonjwa. Jumapili ikipita hajapona, namwita mtu amwondoe." Nilijua kumwondoa mbwa maana yake nini. Basi nikajifanya daktari. Nilikuwa nimeona ile dawa ikiwamaliza kupe wa mbuzi, nikajiambia maji ya kuchanganyia ya nini, si yatapunguza nguvu tu? Nikaimimina hivyo hivyo katikati ya vidole vyake. Jamani! Kilio alichotoa Popi bado nakisikia. Aliruka mpaka mnyororo ukamkaba, kisha akalala akinitazama, nami nikakaa chini nikalia naye.

Aliyetuokoa ni Mama Nasieku, mfugaji wa Kimaasai aliyetuletea maziwa kutoka mbugani. Nilimwamkia makamasi yakinitoka. "Marahaba," akaitikia. "Unalia nini, mtoto wa Kipare?" Nilipomweleza alisonya, akaagiza maji mengi, tukaiosha kwanza ile sumu. Ndipo akapanua vidole vya Popi, akatoa miiba ya mbigili mmoja mmoja, mitano kwenye mguu mmoja tu, na kupe aliyenona. Akanifundisha: maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo kila jioni, kukausha kwa kitambaa mpaka kati ya vidole, na kufagia ua. "Na mfungueni," akasema. "Mbwa akikaa peke yake kutwa hujitafuna hata kama mwiba umeshatoka." Kisha akaushika mkono wangu, akaziangalia kucha nilizokuwa nimezing'ata hadi damu. "Na wewe, nani kakufunga?" Nikauficha mkono nyuma.

Jumapili ilipofika miguu ilikuwa inakauka. Baba mkubwa aliinama akaikagua, akafungua mnyororo mwenyewe na kuutupa juu ya banda. Tangu hapo jioni alimshika Popi, mimi nikaosha, na ndipo tulipoanza kuongea, maneno matatu manne. Desemba mama akaja kunichukua. Nilikimbilia gari kwa furaha, hata kumuaga Popi sikumuaga.

Sasa naishi Same mjini. Dawa ya ngozi ya mbwa inauzwa hatua chache kutoka kwangu, na bwana mifugo ukimpigia simu anakuja na pikipiki. Siku hizi tunajua mengi, lakini wa kukaa na mbwa kutwa hayupo, na wa kukaa na mtu ni hivyo hivyo. Mimi mwenyewe naweza kumaliza Jumamosi nzima sijasikia sauti yangu. Mwaka jana nilishuka Lembeni kumjulia hali baba mkubwa, mzee sasa, nikajikaza kumuuliza habari za Popi.

"Wiki ile ile uliyoondoka alianza tena kujitafuna," akasema. "Nilimwosha kila jioni kama ulivyokuwa ukifanya. Nilitafuta mwiba, mwanangu. Haukuwepo hata mmoja."