Kiwanja Kisicho na Kichuguu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilisimama pale pale uliposimama wewe jana, mikono kiunoni kama wewe, nikavuta hewa nikasema moyoni: hapa ndipo. Ulikuwa mwezi wa pili. Mvua ilikuwa imeosha kila kitu, vilima vya Likasi vilikuwa kijani, na vumbi hakuna. Ndiyo sababu sikukujibu jana uliponiuliza kwa nini sikuuzii kiwanja ambacho mwenyewe sikijengi. Ulikuwa umeegemea ule ukuta mmoja uliobaki, mkono wako ukaingia ndani ya tundu lililo ukutani, ukacheka ukasema limekaa kama limechongwa kwa kipimo cha kiganja. Leo nimekaa nikuandikie, maana kuna mambo ambayo mdomo huyakimbia. Niliacha shule darasa la nne. Ukiona kosa la herufi, lipite. Kosa ninalotaka ulione ni jingine.

Nilikuwa kijana wa miguu myepesi. Nilibeba mbao kule bwawani Mwadingusha, nikachoma makaa, nikauza samaki wa mto Lufira juu ya baiskeli, na popote nilipofika niliuliza: hiki ni nini, kinafanyaje kazi, nani alikianza? Mwishowe nikaangukia Kakanda, kwenye mashimo ya wachimbaji wa mikono. Huko nilijifunza kusoma ardhi, na hiyo shule sikuiacha. Mkubwa wa kikundi chetu alitufundisha kwamba msitu wa kwetu huota kila mahali, ila pale ambapo shaba, sisi twaiita mukuba, iko karibu na uso wa udongo. Hapo miti hukimbia. Hubaki upara wa majani mafupi, na maua madogo ya buluu yanayonawiri kwa kile kinachoua mimea mingine. Mchimbaji akiuona upara ule na maua yale, moyo humwenda mbio.

Kisha nikamwoa Odette, binti wa fundi wa kiwandani, mwimbaji wa kwaya ya parokia. Alikuwa mpole, na alitaka kitu kimoja tu: nyumba yetu wenyewe pembezoni mwa mji, kabla watoto hawajaanza kuja. Tukatafuta wiki nyingi. Nilipofika kwenye kiwanja kile nikaona upara. Nikaona maua. Nikanyamaza.

Nikuambie wazi nilichowaza, maana sikukiungama mpaka kilipokwisha kuua. Niliwaza: nitajenga juu ya mali. Sisi tutalala juu, mukuba utalala chini, na siku moja nitafungua sakafu yangu mwenyewe nichimbe bila kumwomba mtu ruhusa. Odette nilimwambia mengine. Nilimwambia pana upepo mzuri, hakuna visiki vya kung'oa, na mnara wa kanisa unaonekana. Akafurahi. Mwanamume mwingine huchagua nyumba kwa macho ya baba. Mimi nilichagua kwa macho ya mchimbaji.

Unajua desturi yetu ya kujenga. Mtu akipata kiwanja huuliza kwanza kichuguu kiko wapi, kwa sababu udongo wa kichuguu ndio unaotoa tofali gumu, na tofali huchomwa hapo hapo kiwanjani. Nikamwita Papa Kasongo, mfyatuaji wa matofali, mzee aliyejengea nusu ya mtaa ule. Alikizunguka kiwanja mara mbili. Akachukua udongo, akausugua kati ya vidole, akaugusa kwa ncha ya ulimi, akatema.

“Kichuguu iko wapi?” akauliza.

Nikamjibu kwamba hakipo, tutatumia udongo wowote, kwani si udongo ni udongo?

“Muchwa anakataa kukaa hii fasi. Muti inakataa. Weye njo uko na akili kupita muchwa?”

Nilicheka, mwanangu. Nikamwambia mbele ya wasaidizi wake kwamba anaogopa udongo kama anavyomwogopa bibi yake. Wakacheka wote, kwa maana mke wa Papa Kasongo alijulikana mtaa mzima kwa ukali. Nikaongeza kwa kiburi: “Papa, miye nimelala mu mashimo ya Kakanda miaka mbili. Sijakufa.”

Hakukasirika. Alipangusa mikono kwenye suruali, akaokota kalibu yake ya kufyatulia, akaiweka juu ya baiskeli.

“Weye ulikuwa unatoka mu shimo kila magaribi,” akasema. “Mutoto wako atatoka aende wapi?”

Akaondoka. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Laiti lingevunjika guu langu tu.

Nilifyatua matofali mwenyewe, kwa udongo wa pale pale. Nikachimba kisima. Mwezi wa sita tukahamia, na Odette alikuwa tayari na mimba. Chumba chetu nilikitia sementi. Chumba cha pili, alichokiita cha mtoto, nilikiacha na sakafu ya udongo. Kila aliponiuliza nilisema bado, bado, sementi itakuja. Kumbe nilikuwa nakiweka tayari kwa sururu. Nilijipangia kuanza kuchimba mtoto akishazaliwa.

Kiangazi kikakifunua kiwanja kilichokuwa kimejificha nyuma ya mvua. Upande unakotoka upepo kulikuwa na barabara ya malori ya mawe ya madini, na vumbi lake lilikuja kila asubuhi, likatua juu ya maji, juu ya ugali, juu ya nguo za mtoto ambaye hajazaliwa. Maji ya kisima yaliacha mstari wa kijani ndani ya beseni jeupe. Maharage yalichomoza, yakawa manjano kabla ya kufika urefu wa kidole, yakalala. Mama mkwe alituletea kuku watano, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa amebaki mmoja, naye alitembea kama mlevi. Mimi niliyezoea kuuliza kila kitu, mwaka ule sikuuliza hata kimoja. Mtu huacha kuuliza pale anapolijua jibu.

Sasa nifike kwenye tundu.

Wanawake wa kwetu wakiwa na mimba hutamani udongo. Sokoni huuzwa vipande vya udongo wa kichuguu, nao huvitafuna kama mkate. Odette naye alitamani, lakini soko lilikuwa mbali na miguu ilikuwa imevimba. Siku moja alimwaga maji karibu na ukuta, harufu ya tofali likilowa ikampanda. Akaanza kukwangua kwa kijiko, hapo pembeni mwa kitanda, kidogo leo na kidogo kesho. Matofali yangu yalikuwa mabivu nusu nusu, hayakumpa shida. Tundu likakua mpaka likaenea kiganja. Nilimwona. Nilimtania kwamba akimaliza ukuta tutalala nje. Alicheka, mdomo umejaa vumbi jekundu, nami nikacheka naye. Nilijua kilichomo ndani ya tofali lile, mwanangu. Nilimtazama akilila.

Mvua ya kwanza iliponyesha, alijifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike. Tulimbatiza siku ile ile, akaishi mpaka siku ya tatu asubuhi.

Daktari alikuwa kijana mwenye upole. Alituuliza tunakaa wapi, tunakunywa maji gani, mama anakula nini. Odette alipomwambia habari ya ukuta, aliacha kuandika. Alisema hawezi kutuambia kwamba ni udongo uliomuua mtoto, na hawezi kutuambia kwamba siyo. Hakuwa na vipimo vya kujua. Ila yeye, alisema, asingemlaza hata mbwa wake ndani ya nyumba ile. Mpaka leo sijui zaidi ya alivyojua yeye. Usidhani kutokujua ni faraja.

Tulikaa kwenye benchi nje ya wodi. Odette alikuwa na kile kitenge alichokiandaa cha kumfunika mtoto, amekikunja vizuri juu ya magoti.

“Unajuaka udongo, weye,” akasema bila kunitazama. “Kazi yako njo hiyo. Ulikuwa unajua?”

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimezoea.

“Nilikuwa najua.”

Alikikunja kitenge mara moja zaidi. Kisha akasema: “Basi ulinunua shimo, ukaniambia ni nyumba.”

Alikwenda kwa mama yake, hakurudi. Alikuwa na haki. Nasikia ana watoto watatu na mume anayefanya kazi ya reli, na kila ninaposikia nafurahi, halafu siku ile silali vizuri.

Papa Kasongo alikuja matangani. Nilimwona akiingia nikajikaza, nikisubiri aseme kwamba alinionya. Hakusema. Alikaa kwenye mkeka karibu nami mpaka watu wakapungua. Wakati huo walikuwa wamekwisha kuja watu wawili kuiulizia nyumba, na mmoja alikuwa na watoto wanne. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza kuiuza niende zangu mbali, kwa kuwa kwenda mbali ndiko nilikokujua. Mzee aliinama sikioni mwangu.

“Na sasa,” akaniuliza, “utaiuzia nani?”

Hilo ndilo karipio lililonifunga miguu mimi niliyekuwa siwezi kukaa mahali pamoja. Wiki iliyofuata nilishusha mabati. Nikavunja kuta, nikazika matofali ndani ya kisima changu mpaka kikajaa. Ukuta mmoja nikaubakiza, ule wenye tundu. Wengi wamepita pale. Wewe ndiye wa kwanza kutia mkono ndani.

Basi jibu langu ni hapana. Sikuuzii, hata ukiniletea baba yako mzazi na katekista wako. Najua mimba ya mke wako imefikisha mwezi wa tano, na najua nyumba ya kupanga imewabana. Najua pia kwamba katika mji wetu si kila mtu hupata udongo safi. Wengi wetu huchagua kati ya kibaya na kibaya zaidi. Lakini chagua ukiwa macho wazi. Kiwanja kina nyuso mbili, kione wakati wa mvua na ukione wakati wa kiangazi kabla ya kulipa. Simama pale mwezi wa nane uone upepo unaleta nini na unatoka wapi. Usimuulize muuzaji, muulize mama anayeteka maji hapo kila siku, na umtazame kuku wake anavyotembea. Uliza nini kiliwahi kuoshwa mtoni upande wa juu kabla hujanywa upande wa chini. Palipo na upara usifurahi kwamba huna visiki vya kung'oa. Jiulize miti ilikimbia nini. Na jambo lolote utakaloliona, mwambie mke wako kabla hajavuka kizingiti. Tamaa mbele, mauti nyuma. Wazee walisema hivyo, ila hawakusema kwamba mauti huweza kumfuata mwingine, si yule mwenye tamaa.

Mtoto wa Papa Kasongo anauza kipande cha ardhi nyuma ya tanuri la baba yake. Ni kidogo, na katikati pana kichuguu kirefu kukuzidi, kitakutoa jasho. Nenda kakione.

Mungu akupe ardhi ambayo mchwa watagombana nawe kwa kila mti wa paa. Maharage yako yapande mpaka dirishani. Na mtoto wako atakapoanza kutambaa, ale udongo kama watoto wote wanavyoula, asipate madhara yoyote zaidi ya kugombezwa na mama yake.